Picha Niliyoinyamazia

Mwezi uliopita nilikabidhi maiki. Banda la video la nyuma ya soko la Newala nimewaachia ninyi watatu, na mliponiomba niwaandikie mambo ya kazi niliyoyaona tangu nianze, nilicheka peke yangu, kwa sababu kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa picha yoyote bali woga. Mimi ni mwoga. Naogopa giza, naogopa nyoka, naogopa watu wengi wakiwa mahali pamoja, na bado ujana wangu wote nimeumalizia ndani ya chumba cha giza kilichojaa watu, nikiwasimulia habari za nyoka. Nililipwa nini, hilo haliwahusu. Nani alinipandisha cheo, hilo halina jibu, maana banda letu halikuwa na vyeo. Nitawaeleza kazi.

Nimeandika kwa kalamu na majina nimeyabadilisha, hata jina la picha yenyewe. Naomba msizipige picha karatasi hizi wala kuzitia kwenye simu. Wawili kati yenu mmepita jandoni, kwa hiyo someni tu. Wewe wa tatu, Neema, ni mwanamke wa hapa hapa uwanda wa Makonde kama mimi. Wewe pia soma, kwa sababu ukimaliza hutakuwa umejua kitu.

Nilianza kama muuza bagia mlangoni. Mwenye banda alikuwa Mzee Nandonde, na ndiye aliyekuwa mtafsiri. Picha zilikuja za Kihindi, za Kichina, za Wanaijeria, na yeye alisimama kando ya kioo na maiki, akiwaambia watu kwa Kiswahili yaliyosemwa, na palipokuwa na bibi na babu wengi akayageuza kuwa Kimakonde. Alikuwa na sauti ya kila mtu: ya jambazi, ya bibi harusi, ya mtoto aliyepotea. Mimi nikiwa nje na beseni langu nilizishika picha kwa masikio, kisha nikawasimulia waliokosa kiingilio. Sikujua kwamba yeye naye alikuwa ananisikiliza.

Siku moja akaamka hana sauti kabisa. Watu walikuwa wameshakaa. Akanivuta mkono, akaniweka maiki mkononi, akaenda kukaa kwenye benchi kama mteja. Maiki ile ilikuwa nzito na ilinuka jasho lake. Nilianza kutafsiri kwa sauti moja tu, yangu, iliyokuwa inatetemeka, na watu wakacheka mahali ambapo mama mmoja wa Kihindi alikuwa anauza bangili zake ili amtibu mwanawe. Nikatamani ardhi inimeze. Kisha likaja tukio la mtu mwenye kisu nyuma ya mlango, na dada wa watu anaingia akiimba. Nikasahau kazi. Nikamwambia yule dada kwenye maiki, kwa Kimakonde, atoke upesi mle ndani. Wanawake wote wakaanza kumwambia hivyo hivyo.

Baadaye Mzee Nandonde aliniandikia kwa kidole mchangani kwamba nirudi kesho. Sauti yake ilipopona akanieleza sababu. Alisema kwamba maneno matupu watu wangeweza kuyapata redioni bila kulipa. Wanakuja bandani kuogopa wakiwa pamoja, na mtafsiri mzuri ni yule anayeogopa kabla yao kidogo. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimezaliwa na kazi yangu.

Alinifundisha mambo mengi, mengine mmeyaona kwangu mkadhani ni ushamba. Kwamba mtafsiri asitazame kioo muda wote. Asimame ubavu, awatazame watu, kwa sababu picha ameshaijua na wao ndio asiowajua. Kwamba asimame karibu na soketi. Kwamba banda liwe na mlango wa pili, hata kama wa bati. Mlango huo nilimsumbua nao mpaka akautoboa, maana kila siku niliota moto. Juu ya yote alinifundisha kuonja picha. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote, unajifungia ndani na picha mpya, unaitazama yote mpaka majina ya waigizaji yaishe. Huonji kwa ajili ya maneno. Unaonja ili kujua nani hapaswi kukaa karibu na nani picha hiyo ikiwekwa.

Mnajua kwetu mkwe ni mkwe. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai mkeka mmoja, hawaitani kwa majina, hawacheki pamoja kitu cha aibu. Sasa wakutane bandani, halafu watu kwenye kioo waanze kuvuana nguo. Mwaka mmoja kabla sijajua kuonja vizuri ilitokea, na bibi mmoja wa Tandahimba aliruka benchi kumkimbia mkwewe akaanguka juu ya spika. Baada ya hapo nikawa na kipande cha boksi cha kuziba kioo, na vyombo vilipobadilika, kutoka televisheni ya mgongo mkubwa na deki hadi projekta na shuka jeupe, kipande cha boksi hakikubadilika. Teknolojia haijatengeneza kitu bora zaidi kwa wakwe.

Nasi tulikuwa na desturi yetu ya picha za mwaka. Mikorosho inapoanza kutoa maua, Mzee Nandonde alitangaza picha inayosubiriwa. Watu waliisubiri kweli. Walibishana kisimani na msibani kama mwovu atakufa. Korosho zinapoanza kuanguka picha hiyo ikawekwa, na mavuno yakiisha watu wakachagua picha waliyoipenda kuliko zote za mwaka huo. Kila picha ilikuwa na kopo lake, na kila mtu alitumbukiza kitu kimoja. Mwanzoni tulitumia korosho. Asubuhi tukakuta makopo yapo na korosho hazipo, ndipo tukahamia kwenye vizibo vya soda. Mimi kura yangu ilikwenda kila mara kwa picha iliyonitisha zaidi. Mzee Nandonde alipenda zile za kulia. Alitafsiri huku anafuta macho, na macho hayo ndiyo yaliyokuja kumwacha. Alipougua presha ya macho akapoteza kuona, banda likabaki mikononi mwangu, na picha zote nzuri nilikwenda kumsimulia nyumbani kwake, yeye amekaa kibarazani anasikiliza.

Sasa nifike kwenye picha niliyotaka kuwaeleza.

Mwaka jana, mikorosho ikiwa kwenye maua, alikuja kijana kutoka Masasi anaitwa Bosco. Alikuwa na kamera nzuri, adabu nzuri, na shikamoo isiyokauka. Wazazi wake ni wa Masasi lakini yeye alilelewa Dar es Salaam, amerudi kwa bibi yake juzi juzi tu. Alisema amekuwa akitengeneza picha ya hapa kwetu, imepigwa kijijini Mnyambe, kwenye mikorosho yetu, waigizaji ni watu wetu, na anataka ionyeshwe kwanza Newala. Jina la picha ni Mgeni wa Mnyambe. Habari hizo zilienda upesi. Tangu banda lifunguliwe hatujawahi kuonyesha picha ambayo watu wake wanasema maneno yetu. Nikaitangaza kuwa ndiyo picha inayosubiriwa, na nakiri sijawahi kuisubiri picha nyingine namna ile. Watu walipanga kuja kutoka Tandahimba. Bosco mwenyewe alikwenda kuwaalika wazee wa jando wakae benchi la mbele, maana ndani ya picha mna ngoma ya midimu na alitaka kuwaheshimu.

Hapa lazima nieleze kidogo kwa atakayesoma asiye wa huku. Vijana wanapotoka jandoni, mdimu hutoka porini. Ana kinyago usoni na nguo zilizomfunika mpaka vidole, huoni ngozi. Wanawake na watoto humkimbia na kumrudia, wanaimba, wanamtunza pesa. Tunaambiwa huyo ni mzimu aliyefufuka. Mwanamke haambiwi kwamba ndani kuna mtu, na mwanamke anayejua, hajui. Nimefua mashati ya kaka yangu yaliyolowa jasho siku ya ngoma, nikayaanika juani, sikujua kitu. Mwanamume ambaye sura yake imeonekana mbele ya wanawake anakwisha. Wenzake humtoa katika kundi lao, wanawe hawatakuwa na wa kuwapeleka jandoni, akifa watamzika watu wa mbali. Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu palikuwa na nyumba isiyo na watu, na mama yangu alitukataza hata kuuliza ilikuwa ya nani. Kuhusu mwanamke aliyeona, bibi yangu alisema tumbo lake hufunga, na kama ndani mna mtoto, hatoki salama. Mimi tumbo langu limeshafunga lenyewe kwa umri, lakini maneno ya bibi hayaulizi umri.

Bosco akaniletea flashi. Asubuhi nikajifungia kuonja.

Ilikuwa picha nzuri. Mgeni anafika Mnyambe wakati watu wanaanika korosho, hakuna anayemjua, na kila nyumba anayolala, mbwa wa nyumba hiyo hawabweki tena. Nilijikuta nimepandisha miguu kwenye benchi. Mwishoni mdimu anatoka, anamfukuza yule mgeni mpaka bondeni, kisha anarudi peke yake ndani ya mikorosho. Ngoma inapigwa polepole. Anapiga magoti, amewapa mgongo watazamaji. Mikono inapanda kwenye kidevu. Kinyago kinanyanyuka, anageuka, na mtu ananywa maji kwenye kidumu cha njano, jasho linamtiririka, anatazama juu kama mtu anayeomba mvua.

Nilizima kabla sijajua kuwa nimezima. Nilibaki gizani. Alikuwa Baba Rajabu, mume wa binti yangu Fadhila, mkwe wangu ambaye jina lake sijawahi kulitamka.

Nikaelewa ilivyokuwa. Mbele ya kamera palikuwa na majani, na yeye alikuwa mbali. Alidhani kazi imesimama, akajitenga na wanawake na watoto kama inavyotakiwa, akavua apumzike, na Bosco kwa mbali akaendelea kupiga. Kisha akaona uso ule ni mzuri, na kweli ulikuwa mzuri, akaufanya mwisho wa picha yake. Mtoto wa kwetu asingefanya hivyo hata usingizini. Bosco hakuwa na ubaya. Hakujua amebeba nini mkononi.

Na mimi nilijua, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Kumwambia mkwe ni mwiko mara mbili: yeye ni mkwe, na mimi ni mwanamke. Kumwambia Fadhila ni kuingiza moto ndani ya nyumba yake, naye alikuwa mjamzito. Mtoto amezaliwa salama, alhamdulillah. Nalisema mapema msisome kwa wasiwasi nilioishi nao mimi. Kuwaambia wazee wa jando ni kumuua mkwe wangu kwa mdomo wangu. Na yeyote nitakayemwambia angeniuliza swali moja tu, nimeona nini. Nikilijibu, nimeshaona.

Nikaenda kwa Bosco. Nikamwambia mwisho wa picha ni mrefu, aukate. Akaniuliza kwa upole urefu unaanzia wapi. Nikasema pale ngoma inapopoa. Akatabasamu, akasema pale ndipo roho ya picha ilipo, na kwamba wazee watafurahi kuona mtu wao ametukuzwa. Aliposema mtu wao, nilisimama. Nikaaga. Njiani nilipishana na vijana wakibandika matangazo, na kwenye tangazo kulikuwa na kile kinyago.

Sikula siku hiyo. Kila nilipomtazama mjukuu wangu Rajabu akicheza na mpira wake wa nailoni uani kwetu, niliiona ile nyumba ya kijijini isiyo na watu.

Alasiri nikabeba deki ndogo yenye kioo chake nikaenda kwa Mzee Nandonde. Nikamwamkia, nikamwomba tukae ndani, si kibarazani. Akashangaa, akakubali. Nikamwambia nimemletea picha inayosubiriwa nimsimulie kabla ya watu. Alifurahi. Nikaanza, na nilisimulia vizuri kuliko siku zote, kwa sababu mdomo ulikuwa unakimbia. Nilimpa sauti ya mgeni, ya mwenye mbwa, ya mtoto aliyeona alama za miguu mchangani. Alipoogopa alinishika kiwiko. Tukafika bondeni, tukarudi kwenye mikorosho, ngoma ikapoa, nikanyamaza.

Ngoma ikaendelea. Alisubiri.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

"Hapa mimi sioni, Baba."

"Umeme umekatika?"

"Haujakatika. Picha inakwenda."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. Ile ngoma anaijua, amekua nayo. Nilimwona uso unabadilika kidogo kidogo.

"Inakwenda," akasema, "na wewe huoni."

"Sioni."

"Huyo usiyemwona ana watoto?"

"Anaye mmoja, Baba. Mwingine yuko njiani."

Akatafuta fimbo yake kwa mkono, akaipita mara mbili kabla ya kuishika. Kwa miaka yote ya banda, na majambazi na nyoka na mizimu ya Wanaijeria, sikuwahi kumwona Mzee Nandonde akiogopa kweli. Siku hiyo niliona, na woga wangu ukaongezeka, kwa sababu nilikuwa nimekwenda pale nikitumaini ataniambia ni jambo dogo.

"Zima," akasema. "Leo hukuja na picha. Ulikuja kunijulia hali."

Alimwita Bosco nyumbani kwake. Sikuwepo, na sikutakiwa kuwepo. Nilichopata ni ujumbe kupitia kwa mkewe kwamba kijana amekubali kukata, tena hakubisha, na kwamba ataleta flashi mpya. Nikashukuru, kisha nikaanza kufikiri. Mzee Nandonde haoni. Akiletewa picha iliyokatwa na isiyokatwa, kwake ni ngoma ile ile. Wa kuhakikisha ni mimi, na mimi nilishasema sioni. Nikajiambia nitaionja flashi mpya asubuhi ya siku yenyewe, nijue peke yangu. Bosco alikuwa amekwenda Masasi kwenye kompyuta yake. Basi lilichelewa. Alifika watu wameshajaa, akanipa flashi mkononi huku anahema, akaniambia, "Tayari, mama." Nikamtazama usoni nione tayari gani. Ni kijana, uso wake ulikuwa na furaha tu.

Basi hiyo ndiyo picha pekee katika kazi yangu niliyoiweka bila kuionja.

Banda lilikuwa limejaa mpaka mlango wa bati. Wazee wa jando walikaa mbele na kofia zao. Wanawake upande wa kushoto, watoto mapajani na miguuni. Baba Rajabu alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, mbali nami kama heshima inavyotaka, na niliona tu bega lake. Alikuwa ametulia. Alikuja kuona kazi yake ambayo hakuna aliyejua ni yake. Nikasimama karibu na soketi, mkono mmoja wenye maiki, mwingine nyuma yangu kwenye waya. Nilishapanga kuuvuta. Nikiuvuta mapema, au nikiinua kipande cha boksi, wazee wangejua kwamba nimeshaona. Nilijua pia kwamba jicho ni jepesi kuliko mkono wangu, na kwamba watu watakuwa wameshaona kabla giza halijaingia.

Wenzangu, mmenisikia nikitafsiri mara nyingi, na hata kwa picha ya maneno yetu watu walitaka maiki. Siku hiyo sikumbuki nilisema nini. Watu waliniambia baadaye kwamba sijawahi kutisha vile, kwamba sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayefukuzwa kweli. Walipiga kelele mahali pa mbwa, walisimama mahali pa bondeni. Mzee mmoja wa mbele alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nahesabu matukio yaliyobaki, na kila tukio lililopita nilitamani lirudi.

Ngoma ikapoa. Mdimu akaingia kwenye mikorosho, akapiga magoti. Maiki nikaishusha. Nilikuwa nimewatazama watu, kama nilivyofundishwa, sikutaka kutazama kioo hata kidogo. Nikaona mwanga wa picha ukitembea usoni mwao, na nikajua kwa mwanga huo kwamba mikono imeanza kupanda kwenye kidevu.

Hapo wanawake wote wakainama.

Hakuna aliyewaambia. Waliinama kwa pamoja, upande mzima wa kushoto, wakavuta vichwa vya watoto wakavifunika kwenye khanga zao, wakabaki hivyo. Wanaume hawakuona, macho yao yalikuwa mbele. Niliona mimi peke yangu, niliyesimama ubavu. Fadhila alikuwa miongoni mwao, ameinama juu ya tumbo lake, Rajabu chini ya mkono wake.

Kisha mwanga ukakatika. Kioo kikawa cheusi, majina yakaanza kupita na wimbo. Bosco alikuwa amekata kweli, pale pale mikono ilipogusa kidevu. Waya ulikuwa bado mkononi mwangu, umelowa jasho, sikuwa nimeuvuta. Wazee wakapiga makofi. Mmoja akageuka akamwambia Bosco kwamba amewaheshimu, na kwamba mwaka huu aje kijijini kwake pia. Bega la mlangoni likainuka likatoka nje na watu wengine.

Mavuno yalipokwisha, kopo la Mgeni wa Mnyambe lilijaa vizibo mpaka vikamwagika. Ilikuwa picha ya mwaka, na haikuwa na mpinzani. Mimi kizibo changu nilikiweka humo pia, kwa kanuni yangu ile ile ya kupigia kura iliyonitisha zaidi. Kuhusu wanawake kuinama, nilijiambia ni malezi tu. Wameona mikono inaelekea kwenye kinyago, miili yao imefanya ilichofundishwa. Nililazimisha maelezo hayo yanitoshe.

Siku moja asubuhi nikaenda kwa Fadhila. Tulikaa nyuma ya nyumba tukimenya mihogo. Alikuwa mzito tayari, amenyoosha miguu. Akaniambia Baba Rajabu ananisalimu, na anasema picha ilikuwa nzuri sana, ila ameuliza kwa nini mwishoni mama alinyamaza.

"Mwambie sauti ilinikauka," nikasema.

Akamenya mhogo mmoja mpaka mwisho, akautia kwenye beseni la maji.

"Na mimi ilinikauka, mama. Tangu siku Bosco alipotuonyesha kwenye simu yake."

Kisu changu kikasimama. Nilimtazama tumboni kabla ya kumtazama usoni. Alikuwa amelala na jambo lile, amempikia mumewe nalo, amembeba mtoto nalo, muda wote ambao mimi nilidhani namkinga. Nikataka kumuuliza alionyeshwa nini, nikakumbuka kwamba swali hilo haliulizwi. Nikamuuliza walikuwa wapi.

"Kwenye foleni ya maji. Alikuwa anatangaza picha yake."

"Mlikuwa na nani?"

"Wanawake watupu. Bibi mmoja akamshika mkono, akamwambia arudishe simu mfukoni na asimwonyeshe mtu mwingine tena. Halafu kila mtu akashika ndoo yake, tukasogea."

Akachukua mhogo mwingine. Sikumuuliza walikuwa wanawake wangapi, na ninyi msiniulize. Foleni ya maji ya Newala wakati wa kiangazi mnaijua wenyewe ilivyo ndefu.